Sawa

Fomu imekuja na bahasha yake, stempu imeshabandikwa.
Malengo ya kujifunza, wiki nne, Hospitali ya Micheweni.
Visanduku kumi na kimoja, nitie vema au nitie mkasi.
Ameshona majeraha mangapi? Amezalisha wangapi?
Pa kuandika nambari pana nafasi ya kutosha.
Pa kuandika maneno, upana wa ukucha.

Nimekaa nayo kwenye benchi la wodi ya wazazi,
chai imepoa.

Wiebke (sisi tulikuita Wibuke, nawe ukaitika),
siku ya tatu ulimpiga picha mtoto wa Bi Maryamu,
yule mwenye tumbo lililofura.
Uliomba kwanza, nakumbuka. Ulilisoma neno kitabuni.
Naye akasema sawa.

Nikakuvuta nyuma ya tangi la maji.
Nikakwambia, hapa kwetu sawa si neno moja.
Ipo sawa ya mgeni, ambaye haambiwi hapana
hata akitaka kuku anayetaga.
Ipo ya aliyetoka Maziwang'ombe kwa miguu
anachelea ukinuna hatapewa dawa.
Ipo ya kuchoka tu.
Na ipo sawa yenyewe, adimu,
huisikii mpaka umekaa chini, nawe ukaulizwa
mama yako yu hai, ukajibu.

Ulirudi wodini ukaifuta picha mbele ya macho yake.
Kisanduku cha hilo sikioni.

Lakini nisijifanye msafi.
Mwaka juzi alikuja mwingine, mrefu, mchangamfu,
kwao hajaruhusiwa hata kutumbua jipu,
hapa akaingiza mkono kumtoa Mwanakheri kondo la nyuma
na mimi nipo, nimeshika taa.
Aliniuliza. Nikasema sawa.
Alikuwa ametuletea maboksi sita ya glavu.
Mwanakheri alipona, baada ya siku kumi na tisa za homa.
Fomu ya kijana yule niliijaza vema tupu, juu mpaka chini.

Msimu wa karafuu watu hupukutika pamoja na karafuu.
Kombo Faki aliletwa kwa pikipiki saa nne usiku,
tawi limemchana paja.
Daktari yuko Wete. Umeme umekatika.
Ganzi nilishampiga, na sindano ilikuwa mkononi mwako,
uzi umeshapita tunduni.
"Shona tu, daktari," akasema Kombo, kafumba macho.
Niliijua sawa ile ni ya aina gani.
Nikanyamaza, nikusikilize.

Ukasema, kwa Kiswahili chako cha kuokoteza,
"Mimi si daktari. Bado. Ngozi ya mtu sijashona.
Nimeshona sponji."
Kombo akafumbua jicho moja.
"Sponji?"
"Sponji."
Akacheka mpaka damu ikatoka upya, ikabidi nibinye.
"Basi mpe sista sindano. Wewe shika taa,
na usiitikise."

Hukuitikisa.
Kila uzi uliuliza, kwa nini hapa, kwa nini si pale,
mpaka nikajikuta na mimi najiuliza.
Tulipofika wa kumi na nne Kombo mwenyewe akanyanyua kichwa:
"Huu mpe na yeye ajaribu."
Ukamtazama yeye, ukanitazama mimi, ukamtazama tena yeye.
Ilikuwa ile adimu.

Ameshona majeraha mangapi?
Naandika: uzi mmoja, kwa ruhusa ya mwenye paja.
Amezalisha wangapi? Sifuri. Alishikwa mkono na saba.
Wasome watakavyosoma.

Jana Kombo alikuja kutolewa nyuzi.
Akauliza yuko wapi yule asiyekuwa daktari.
Nikamwambia kapanda meli Mkoani, karudi kwao kusoma.
Akainama akautazama wa mwisho, umepinda kidogo, kama herufi ya mtoto.
"Huu," akasema, "utoe baada ya yote."